Kitambaa cha Hudi na Thamani ya Pesa Yako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanunuzi wa Mtandaoni Mombasa

Majibu haya yamekusudiwa mnunuzi wa Mombasa anayeagiza hudi, yaani sweta yenye kofia, kupitia Instagram, TikTok, Facebook, status za WhatsApp au maduka makubwa ya mtandaoni, na ambaye hana njia ya kukishika kitambaa kabla ya kulipa. Msimamo wetu ni kwamba maneno kama "kali", "orijino" na "hevi" hayapimiki, na kwa hiyo mnunuzi aulize yale yanayopimika kwa gramu, kwa asilimia na kwa sentimita, kisha ndipo azungumze bei.

Hudi ya nini Mombasa, na joto lote hili?

Swali hili huulizwa kwa mzaha, lakini jibu lake ndilo linaloamua kitambaa. Kuna anayeivaa ndani ya basi la usiku lenye kiyoyozi akielekea Nairobi, ambako usiku wa Julai baridi hushuka hadi nyuzi 12 za Selsiasi na wakati mwingine chini yake. Kuna mwendesha bodaboda anayetoka Mtwapa alfajiri, kuna karani anayepulizwa na kiyoyozi kutwa nzima, kuna mwanafunzi anayerudi chuoni Eldoret au Njoro, na kuna kijana anayeivaa jioni pale Mama Ngina kwa sababu inampendeza tu, jambo ambalo nalo ni sababu halali. Msimu wa kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, hudi nyepesi huvalika usiku hata kisiwani bila taabu; kaskazi inapovuma, Desemba hadi Machi, hudi nzito ni adhabu. Mtu akinunua hudi nzito kuliko zote kwa kuamini kwamba uzito ndio ubora, ilhali maisha yake yote yako Majengo, amenunua nguo ya kukaa kabatini.

Herufi GSM zinazoandikwa kwenye matangazo zina maana gani?

Ni gramu za kitambaa kwa kila mita moja ya mraba. Kwa upande wa hudi, kitambaa cha gramu 200 hadi 260 huhesabiwa kuwa chepesi, cha 280 hadi 330 ni cha wastani, na kuanzia 350 kwenda juu ni kizito. Zipo hata hudi za gramu 500, ambazo ukizivaa Likoni saa sita mchana utajuta. Wauzaji wa Marekani hutaja aunsi kwa yadi ya mraba, na hesabu yake ni nyepesi: zidisha aunsi kwa 34 upate gramu, yaani aunsi 10 ni takriban gramu 340.

Jambo ambalo matangazo hayasemi ni kwamba nambari hii hupima uzito peke yake. Haikuambii nyuzi ni za nini, wala kama kitambaa kimefumwa kwa kubana au kwa kulegea, wala kama uzi wake utadumu. Vitambaa viwili vya gramu 320 vinaweza kuwa tofauti kabisa: kimoja kimefumwa kwa uzi mwembamba uliobanana, kingine kwa uzi mnene uliolegea, kisha upande wa ndani ukasuguliwa hadi ukavimba manyoya. Cha pili hujaa mkononi siku ya kwanza na kulegea baada ya kufuliwa mara chache. Ulaini nao usikupumbaze, kwa maana viwanda hutia vitambaa dawa za kulainisha zenye silikoni, na sehemu ya ulaini huo huondoka na maji ya kufulia. Kwa matumizi ya Pwani napendekeza gramu 240 hadi 280. Kwa safari za bara, 320 hadi 350 zinatosha kabisa.

Muuzaji anadai hudi yake ni GSM 400. Nitahakikishaje nikiwa nyumbani?

Mwombe aiweke hudi juu ya mizani na akutumie picha inayoonyesha nguo na nambari kwa pamoja. Mizani ya jikoni yafaa, na mizani ya duka la jirani pia yafaa. Hudi ya saizi L hutumia kitambaa cha takriban mita za mraba 1.5 hadi 1.8, kutegemea urefu wake, upana wake na kama kofia imeshonwa tabaka moja au mbili. Kwa hiyo hudi ya kweli ya GSM 400 haiwezi kuwa na uzito wa chini ya gramu 600 hivi, hata kabla ya kuhesabu kamba na zipu. Mizani ikionyesha gramu 450, basi kitambaa hicho kiko kati ya GSM 250 na 300, na yule aliyeandika 400 ama hajui anachouza ama anajua sana.

Ujumbe wa kuomba picha hiyo usiwe wa ukali. Andika kwa mfano: "Habari yako dada, nimeipenda hudi ya kijivu saizi L. Tafadhali nisaidie kuipima kwenye mizani unitumie picha, na picha ya lebo ya ndani, kisha nitalipa leo leo." Muuzaji makini hujibu ombi hili bila kinyongo, kwa sababu mnunuzi anayeuliza hivyo ni mnunuzi aliyekwisha kuamua. Anayekasirika kwa kuulizwa uzito wa nguo anayoisifia uzito amekupa jibu lako.

Wanaoagiza nyingi kwa mpigo, kama vile timu za mpira, vikundi vya wanafunzi na wauzaji wa rejareja, waombe kipande cha kitambaa chenye sentimita 10 kwa 10. Kipime kwa mizani ya sonara, zile ndogo zinazopima hadi sehemu za gramu, kisha uzidishe kwa 100. Kipande cha gramu 3.2 ni kitambaa cha GSM 320, na hapo hakuna ubishi.

Je, pamba asilimia mia ndiyo bora kuliko zote?

Si lazima, na kwa mji wetu jibu linahitaji uangalifu. Pamba hushika unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake kutoka hewani, ilhali poliesta haifiki hata asilimia 1. Ndiyo maana fulana ya pamba hufyonza jasho na kumpumzisha mvaaji, na ya poliesta hulibakiza jasho juu ya ngozi. Ila sifa hiyo hiyo ya pamba ndiyo humfanya mwenye hudi nzito ya pamba tupu aione ikining'inia kambani tangu asubuhi hadi kesho yake wakati wa masika, kwa kuwa hewa yenyewe ya Mombasa imejaa maji.

Mchanganyiko wa pamba asilimia 80 na poliesta asilimia 20 ni wa kawaida sana katika hudi nzuri, na hauna aibu yoyote. Poliesta hukipa kitambaa nguvu, hupunguza kurudi (yaani kusinyaa) na huharakisha kukauka. Nusu kwa nusu nao huvumilika kwa bei ya chini, ingawa huota vipele kwa urahisi zaidi. Ninaposhuka chini ya pamba asilimia 60 kwa nguo ya kuvaliwa Pwani, huwa natafuta sababu maalumu, kwa mfano hudi ya mazoezi ya alfajiri. Poliesta tupu ina kasoro moja ambayo picha haiwezi kuonyesha: hushika harufu ya mwili, kwa sababu nyuzi zake hupenda mafuta ya ngozi kuliko maji, na harufu hiyo hurudi mara tu joto likipanda.

Lebo imeandikwa pamba, lakini nashuku. Kuna kipimo cha nyumbani?

Kipo cha maji na kipo cha moto. Dondosha tone moja la maji upande wa nje wa kitambaa. Pamba hulinywa upesi, nayo poliesta mara nyingi huliacha limekaa juu kama ushanga. Nguo mpya inaweza kudanganya kwa ajili ya dawa ya kiwandani, hivyo rudia baada ya kuifua. Kipimo cha moto kina uhakika zaidi: chomoa nyuzi chache kutoka akiba ya mshono wa ndani, zishike kwa kibano juu ya sinki, uziwashe. Pamba huwaka na kutoa harufu ya karatasi iliyoungua, ikiacha jivu jepesi la kijivu linalosagika. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha punje ngumu. Mchanganyiko huonyesha dalili zote mbili. Usiwashe nguo yenyewe, na usifanye kazi hii karibu na watoto.

Kuna tofauti gani kati ya hudi yenye manyoya ndani na ile yenye vitanzi?

Igeuze nguo ndani nje. Ukiona vitanzi vidogo vidogo vya uzi vilivyopangika kama vya taulo, ila vifupi zaidi, hicho ni kitambaa cha teri. Ukiona manyoya laini, hicho ni flisi, ambayo kwa kawaida ni teri ile ile iliyosuguliwa kwa brashi za waya hadi vitanzi vikakatika. Manyoya hunasa hewa na hewa hiyo ndiyo huleta joto. Vitanzi hupitisha hewa, hukauka upesi na havimwagi vumbi la nyuzi juu ya fulana nyeusi. Kwa Mombasa naichagua teri bila kusita. Kwa anayekwenda kukaa Limuru, flisi.

Muuzaji asiyejua majina haya hana kosa. Mwombe tu picha ya ndani.

Mbona hudi mpya huota vipele baada ya wiki chache?

Vipele ni ncha za nyuzi fupi zilizochomoza, zikasuguliwa, zikajiviringisha. Uzi uliosokotwa kwa pamba fupi na kwa msokoto mlegevu hutoa ncha nyingi. Pamba iliyochanwa, yaani iliyoondolewa nyuzi fupi kabla ya kusokotwa, hutoa chache. Katika pamba tupu vipele vingi hukatika vyenyewe na kuanguka. Katika mchanganyiko, nyuzi za poliesta ni imara mno kiasi cha kuvishikilia vipele mahali pake. Chunguza picha za wateja walioinunua na kuivaa, hasa ubavuni na chini ya kwapa, mahali mkono unapokisugua kiwiliwili, pamoja na pale mkoba unapopita. Picha ya mwanamitindo haiwezi kuwa na vipele.

Niombe picha zipi kabla ya kutuma pesa?

Hapa ndipo mnunuzi wa mtandaoni anaposhinda au kushindwa. Waswahili husema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, lakini mtandaoni vyote viwili hujitembeza, tena kwa taa ile ile na muziki ule ule. Ombi la kwanza liwe picha zilizopigwa leo, kwa mwanga wa dirishani, za nguo ile ile utakayoletewa. Picha iliyochukuliwa kutoka ukurasa wa kiwanda cha ng'ambo hujulikana kwa urahisi: ukiitafuta kwa huduma ya kutafuta kwa picha, utaikuta kwa wauzaji kumi wengine.

Picha ya ndani ya mshono wa bega na wa kwapa ina habari nyingi kuliko ya mbele. Mshono mzuri una ovaloki iliyokaa sawasawa bila nyuzi zinazoning'inia, na mara nyingi umeongezewa mstari wa pili wa cherehani kwa nje ili usipinduke. Shingoni nyuma, pale kofia inapoungana na mwili, kuwe na utepe uliofunika mshono. Kiwanda kilichoweka utepe huo kwa kawaida hakikubana matumizi kwingineko. Pembe za mfuko wa mbele ziwe na mishono mifupi iliyorudiwa, kwa kuwa hapo ndipo mikono inapovuta kila siku na ndipo panapochanika kwanza.

Omba pia video fupi ya mtu akivuta ribu ya mkono, ule ukingo unaonyumbuka, hadi mwisho na kuiachia. Ribu yenye nyuzi za lykra kidogo hurudi mara moja ilivyokuwa. Isiyo nazo hubaki imepanuka kama mdomo wa mtungi, na ikiwa hivyo ingali mpya dukani, baada ya mwezi itakuwa inaingia kwenye mchuzi. Mwisho, mtu aingize kiganja ndani ya kofia ya tabaka moja na kuielekeza dirishani. Kivuli cha vidole kikionekana wazi, kitambaa ni chepesi, hata kama tangazo linasema vingine.

Nichague saizi vipi?

Usichague kwa herufi, kwa sababu L ya muuzaji mmoja ni M ya mwingine, na saizi za viwanda vya China huwa ndogo kuliko za Marekani. Chukua hudi au sweta unayoipenda, ilaze juu ya meza, upime kwa futi ya fundi kutoka kwapa hadi kwapa, kisha kutoka bega hadi chini, kisha urefu wa mkono. Mpe muuzaji vipimo hivyo vitatu kwa sentimita, na umwombe vipimo vya nguo yenyewe, si vya mwili wa mvaaji.

Itarudi nikiifua?

Pamba iliyofumwa hurudi, hasa kwa urefu, kwa sababu kiwandani vitanzi vyake huvutwa vikiwa mashinani na mara ya kwanza vinapopata maji hulegea na kurejea umbo lake. Mnamo mwaka 1938 kampuni ya Champion ya Marekani ilibuni njia ya kukikata kitambaa kikiwa kimelazwa upande, ili upungufu wa urefu uhamie kwenye upana, na hudi za aina hiyo zingali zinauzwa. Kwa hudi za kawaida, uliza kama kitambaa kilinyweshwa maji kabla ya kukatwa. Jibu likiwa la kigugumizi, acha nafasi ya sentimita 3 au 4 za urefu, na usitumie maji ya moto.

Nitajuaje kama rangi itachuja?

Nyeusi, nyekundu na buluu iliyokolea ndizo za kuchunguzwa. Nguo ikifika, chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, sugua sehemu iliyofichika mara kumi, utazame. Doa hafifu ni la kawaida kwa nyeusi mpya. Doa zito maana yake ni kwamba fulana yako nyeupe itapata jirani mbaya. Chunguza pia mistari iliyopauka kwenye mikunjo, ambayo huonyesha kwamba nguo imekaa muda mrefu kwenye mwanga wa dirisha la duka.

Na chapa iliyo kifuani?

Uliza imechapwa kwa njia gani. Chapa ya skrini ambayo wino wake umekaushwa vizuri hudumu sana. Ya DTF, ambayo huchapwa kwenye filamu kisha ikabandikwa kwa joto, hutoa picha za rangi nyingi kwa bei nafuu, lakini huwa kama ngozi ya pili isiyopitisha hewa, na ikiwa kubwa kifuani utaihisi kwenye joto letu. Vinili, yaani utando wa plastiki uliobandikwa, hubanduka pembeni ikipigwa pasi moja kwa moja. Darizi hudumu kuliko zote, ila juu ya kitambaa chepesi hukikunja na kukifanya kijivute.

Kuna jambo moja ambalo wanaoagiza hudi za timu hukutana nalo wakiwa wamekwisha kulipa: chapa nyeupe juu ya hudi nyekundu yenye poliesta nyingi inaweza kugeuka waridi. Rangi iliyotiwa kwenye poliesta hupanda kwa joto la mashine ya kuchapia na kuingia kwenye wino. Mchapaji mzoefu huweka tabaka la kuizuia au hushusha joto. Mwulize kabla, na umwombe sampuli moja iliyokaa siku kadhaa.

Zipu zina umuhimu gani?

Mkubwa, hasa karibu na bahari. Zipu ya chuma hafifu hushika kutu kwa hewa ya chumvi na kuacha madoa ya kahawia kwenye kitambaa, kwa hiyo meno ya plastiki au ya nailoni yanafaa zaidi hapa kwetu. Herufi YKK kwenye kichwa cha zipu ni za kampuni ya Kijapani yenye sifa nzuri, ingawa nazo huigwa.

Je, hudi ya mtumba inayouzwa mtandaoni inaweza kushinda mpya?

Mara nyingi inashinda, na nasema hivyo bila kuwadharau wauzaji wa mpya. Kurasa nyingi za Mombasa huuza nguo zilizochaguliwa katika marobota yanayofunguliwa Kongowea, zile za chaguo la kwanza ziitwazo kamera, kabla mabaki hayajafika hatua ya fagia, ya kuuzwa kwa bei ya kutupa. Nguo ya mtumba imekwisha kufuliwa: kama ni ya kurudi imekwisha kurudi, kama ni ya kuota vipele unaviona, na kama rangi ni ya kuchuja imekwisha kuchuja. Hudi mpya bado haijafanyiwa mtihani wowote kati ya hiyo.

Faida nyingine ni lebo. Marekani na nchi za Umoja wa Ulaya hulazimisha lebo kutaja aina za nyuzi kwa asilimia, kwa hiyo mtumba uliotoka huko huwa na habari unayoweza kuitegemea kuliko karatasi iliyoning'inizwa na muuzaji. Herufi RN zikifuatwa na nambari ni usajili wa kampuni nchini Marekani. Si dalili ya ubora, lakini ni dalili ya asili. Kinachopaswa kuchunguzwa katika mtumba ni ribu za mikono, madoa ya manjano kwapani, wepesi wa kitambaa viwikoni na mpira wa kiunoni uliochoka.

Nitajuaje kwamba bei ni ya haki?

Vitambaa vya kufumwa kama hivi huuzwa viwandani kwa kilo, kwa hiyo gramu ni mahali pazuri pa kuanzia hesabu. Tuseme hudi moja inauzwa shilingi 1,300, ina uzito wa gramu 420 na ni poliesta tupu. Nyingine inauzwa shilingi 2,100, ina gramu 680 na pamba asilimia 80. Gawanya, na utaona kwamba kila gramu 100 ni takriban shilingi 309 kwa zote mbili. Ile iliyoonekana ghali inakupa nyuzi bora kwa bei ile ile ya uzito, pamoja na ushonaji ambao huenda ni wa makini zaidi. Iwapo, hata hivyo, utaivaa jioni za Agosti peke yake, gramu 680 hazina kazi kwako, na hesabu inageuka.

Hesabu hii haigusi chapa, darizi wala jina la kampuni. Jina maarufu lililoigwa kifuani haliongezi hata uzi mmoja, na kwa maoni yangu hudi isiyo na jina lolote yenye lebo ya kweli ni nunuo bora kuliko "orijino" ya kutiliwa shaka. Ongeza pia gharama ya kuletewa: hudi ya Nairobi iliyo nafuu kwa shilingi 200 si nafuu tena baada ya nauli ya kifurushi.

Vipi kuhusu kuagiza moja kwa moja kutoka China?

Usafirishaji wa ndege hutozwa kwa kilo, na hii ndiyo sababu mojawapo ya hudi nyingi za huko za bei ya chini kuwa nyepesi. Soma uzito wa kifurushi katika maelezo, tazama picha za wateja, na ukumbuke kwamba forodha hukokotoa ushuru juu ya thamani ya bidhaa pamoja na bima na nauli, kisha VAT ya asilimia 16 hufuata. Kwa nguo moja, raha yake mara nyingi huishia kwenye kusubiri.

Nilipe kabla au baada ya kuletewa?

Baada, kila inapowezekana, na mbele ya bodaboda aliyeileta. Mwambie kwa adabu asubiri dakika tano: "Samahani kaka, naomba niitazame kwanza." Gusa ndani, soma lebo, vuta ribu, tazama mishono ya kwapa, fungua na kufunga zipu, linganisha na picha ulizotumiwa. Kama ni lazima kulipa mapema, lipa kwa nambari ya Till, hakikisha jina linalotokea linafanana na la duka, na uhifadhi mazungumzo yote. Huduma ya M-Pesa ya kurudisha pesa kupitia 456 imekusudiwa fedha zilizotumwa kimakosa. Usiitegemee kumaliza ugomvi wa kitambaa.

Imekuja tofauti na maelezo. Nina haki gani?

Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na haki ya kupata habari zinazohitajika, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Ndiyo maana ule ujumbe wa kuuliza gramu na asilimia ni wa thamani: muuzaji aliyejibu kwa maandishi kwamba ni pamba asilimia 80 ametoa maelezo unayoweza kumshikilia. Mwandikie siku hiyo hiyo, mtumie picha ya lebo na ya mizani, usiivae nguo wala kukata karatasi zake, na uombe kubadilishiwa au kurudishiwa pesa. Wengi hukubali jambo linapowekwa hivi, bila matusi na bila kuanikwa hadharani.

Niitunzeje isiharibike kwa maji na hewa ya hapa?

Nyumba nyingi za Kisauni, Bamburi na Likoni hutumia maji ya kisima yaliyotoka katika mwamba wa matumbawe, nayo huwa mazito kwa chokaa na mara nyingi yana chumvi. Sabuni ya kipande katika maji hayo hutengeneza utando badala ya povu, na utando huo hukaa ndani ya manyoya ya flisi hadi hudi ikawa kavu na ngumu. Tumia sabuni ya unga kwa kiasi, suuza mara mbili, na suuzo la mwisho liwe la maji yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua ukiyapata. Igeuze ndani nje kabla ya kuifua, iminye bila kuinyonga, kisha itundike kivulini ikiwa imekunjwa katikati juu ya kamba mbili, ili uzito wa maji usivute mabega. Usiitundike kwa henga ikiwa mbichi.

Kabla ya kuiweka kabatini, gusa ribu za mikono, pembe za mfuko na mshono wa kofia, kwa kuwa hizo ndizo sehemu zinazokauka mwisho, na ukungu ukianza hapo huacha vidoadoa vyeusi ambavyo sabuni ya kawaida haiviondoi.